Nusu ya Kahawa ya Cleophace

Msimu wa mwaka huu ulipangwa uwe na michezo mitatu. Kundi letu la maigizo lina makao Omurushaka, katika ghala la zamani la kahawa tulilolitengenezea jukwaa la mbao. Kila mwaka, watu wakishauza kahawa, tunafunga pazia, jenereta na spika kwenye gari la kukodi, tunaanza kuzunguka. Mabira hutangulia, kisha vijiji vingine vya Kyerwa, na mwisho Rugu. Michezo yetu huimbwa toka mwanzo hadi mwisho, maneno ya kusema tu ni machache. Mimi napiga ngoma. Nakaa pembeni nyuma ya waimbaji, na kutoka hapo mtu huona migongo yao kuliko nyuso.

Mgongo niliouzoea kuliko yote ni wa Abdillah.

Babu yake alitoka Pangani na marobota ya nguo, akafungua duka Omurushaka na hakurudi tena pwani. Abdillah alizaliwa hapa. Anauza vitenge na nyuzi, anasema Kinyambo kama sisi, lakini hadi leo, akiwa na miaka hamsini, watu wanamwita Mswahili. Hakasiriki. Kuimba alianzia kwenye kaswida, na siku moja Benitha, mwalimu mstaafu anayeliongoza kundi letu, aliingia dukani kununua kitambaa akamkuta anaimba huku anapima. Alisahau kitambaa akaondoka na mwimbaji. Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita.

Katika kundi Abdillah alimkuta Cleophace Rwegoshora wa Rugu, mkulima wa migomba na kahawa, sauti ya besi ya kwaya ya parokia. Mwaka wa kwanza waligombea nafasi moja, hawakusalimiana miezi miwili. Mwaka wa pili Benitha aliwapa wimbo wa kuimba pamoja, na baada ya hapo kila mmoja akawa hawezi kula bila kumtania mwenzake.

"Mswahili wewe, shamba huna, jembe huna. Ukifa utazikwa dukani?"

"Nitazikwa kwenye kibanja chako, Mnyambo. Nitakaa hapo kwenye migomba nikuamshe kila alfajiri."

Mchezo mkubwa wa mwaka huu ulikuwa wao wawili. Unaitwa Kahawa Moja. Unasimulia mambo ya zamani: watu wawili wasio wa ukoo mmoja wakitaka kuwa ndugu walikuwa wanachanja ngozi, wanapaka damu kwenye kahawa ya kutafuna, wanagawana punje mbili zilizo ndani yake, kila mmoja anameza punje yenye damu ya mwenzake. Kuanzia hapo ni wanywani. Huwezi kumnyima mnywani wako kitu, na akifa unasimama mahali pake. Katika mchezo wetu mmoja anakufa, na mwenzake anasimama mbele ya ukoo kumtetea mjane asifukuzwe shambani. Cleophace ndiye aliyekuwa afe. Abdillah ndiye aliyekuwa aimbe wimbo wa kutetea.

Mazoezini tulitumia karanga.

Jumapili moja ya mwezi wa tano Benitha alitaka tufanye mazoezi nyumbani kwa Cleophace, uani, ili tuzoee kuimba mahali pasipo na paa. Tulimkuta Cleophace ndiyo kwanza anatoka kukata mkungu, anajifuta mikono kwenye suruali. Mke wake, Avelina, alitupokea kama wageni wanavyopokewa. Akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Tulipofika kwenye sehemu ile ya mchezo, karanga zilikuwa zimesahaulika Omurushaka.

"Si hii hapa kahawa yenyewe?" Cleophace akasema. Akachukua moja, akaivunja kwa vidole, akampa Abdillah punje moja, yeye akameza nyingine. Abdillah akatupa yake mdomoni bila kuangalia, maana mstari wake ulikuwa unafuata. Waliimba vizuri kuliko siku zote.

Mama yake Cleophace, bibi Nyirabageni, alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu nao kabisa. Wimbo ulipoisha hakupiga makofi.

"Cleophace, lete mkono."

Akaleta. Kidole gumba kilikuwa na jeraha la panga, bado bichi, na damu ilikuwa imefika kwenye kiganja.

"Umemlisha," bibi akasema. "Nimeona punje ikiwa nyekundu."

Tulicheka wote. Cleophace alicheka kuliko sisi. "Basi mama, umenipatia ndugu bila kumzaa!"

"Mimi sicheki. Yeye amekula yako. Wewe hujala yake. Amefungwa yeye, wewe hukufungwa."

"Bibi, ulikuwa mchezo," Abdillah alisema.

"Kisu kikikukata katika mchezo hutoki damu?"

Abdillah aliinuka. Alikwenda kwenye pipa la maji nyuma ya jiko akasukutua mdomo mara nyingi. Mimi nilikuwa nafungua kamba za ngoma, nikamwona. Katika dini yake damu hailiwi. Alipoona nimemwona alisema taratibu, "Usimwambie mtu. Hata Ummy sitamwambia." Ummy ni mke wake.

Wiki ile alimwendea shehe. Baadaye alinieleza aliyoambiwa: aliyekula bila kujua hana dhambi, na damu haimfungi mtu undugu. Alirudi akiwa amepumua. Na mazoezini tukarudi kwenye karanga.

Mwezi wa sita, tarehe za mwanzo, Cleophace alianguka katikati ya kahawa yake akiwa anachuma. Kiharusi. Alilala hospitali siku tisa bila kusema. Abdillah alifunga duka mchana kila siku kwenda kumwona, na kwa siku zote tisa mtu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote Rugu alimwangalia tu. Siku ya kumi tulimzika kibanjani kwake, kando ya baba yake, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Cleophace hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti wawili: Mackrine, anayefundisha chekechea, na mdogo wake aliye bado shule. Mdogo wa marehemu, Mugisha, anaishi mjini na ana biashara ya mbao. Matanga yalikuwa hayajaisha alipoanza kuonekana akipita kwenye mistari ya kahawa akihesabu miti. Alisema wazi kwamba kibanja ni cha ukoo, hakiwezi kuondoka na mabinti watakaoolewa kwingine. Avelina angepewa muda wa kuvuna, kisha arudi kwao.

Mama yake alimkatalia, lakini bibi wa miaka themanini na kitu hana sauti katika kikao cha wanaume.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikusanyika uani. Kundi letu lilialikwa kuimba kwa kuwa marehemu alikuwa mwenzetu. Tuliimba nyimbo mbili za kanisa, tukala, tukarudishwa nyuma ya nyumba ili wenyewe wazungumze. Lakini ua hauna ukuta. Tulisikia kila neno.

Mugisha alizungumza vizuri. Hakumtukana mtu. Alisema anampenda shemeji yake, na kwamba jambo la desturi si la kupenda wala kuchukia.  Mkuu wa ukoo, mtu mfupi mwenye koti jeusi, akauliza kama yupo mwingine wa kusimama mahali pa marehemu. Huulizwa hivyo kila mara, na kila mara hakuna anayejibu.

Ndipo Nyirabageni alipoinuka. Alishika fimbo yake, akaja taratibu mpaka nyuma ya nyumba, tulipo sisi, akasimama mbele ya Abdillah.  Alimwangalia tu.

Abdillah alikuwa amekaa juu ya boksi la spika. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Bibi," alisema, "mimi si mtu wa ukoo huu. Watanicheka."

"Watakucheka."

"Na watu wa msikitini wapo hapa. Nikisema nilikula..."

"Basi kaa."

Akageuka kurudi. Alikuwa amefika kwenye kona ya jiko Abdillah alipoinuka. Alivua kofia, akaivaa tena, akamfuata.

Uani palikuwa na watu zaidi ya sitini. Abdillah aliwasalimia wazee shikamoo, wakamwitikia, na mtu mmoja nyuma akasema kwa Kinyambo, "Mswahili anataka kutuuzia kitenge," wakacheka kidogo.

"Umesimama kama nani?" mkuu wa ukoo akauliza.

"Kama mnywani wake."

Kicheko kikazidi. Mugisha akanyanyua mkono watu wanyamaze. "Kaka Abdillah, tunakushukuru. Mchezo wenu tumeusikia, ni mzuri. Lakini hapa hatuko jukwaani. Mlimeza karanga."

"Siku nyingine zote ilikuwa karanga," Abdillah alisema. "Siku ile ilikuwa kahawa."

"Bila kuchanja."

"Alikuwa amejikata kwa panga. Damu yake ilikuwa kwenye nusu yangu." Sauti yake haikuwa ile ya jukwaani. Ilikuwa ndogo, tulilazimika kuinama kusikiliza. "Sikujua. Nilipojua nilisukutua. Nilikwenda kumwuliza shehe wangu, akaniambia sina deni. Kwa dini yangu hamwezi kunifunga, na mimi nikitaka naweza kuondoka sasa hivi nikafungue duka. Lakini swali ni kama nilikula. Nilikula."

Niliwaona wawili watatu wa msikitini wakiangaliana. Hakugeuka kuwaangalia.

"Nani aliona?" mkuu wa ukoo akauliza.

"Mimi," Nyirabageni akasema.

 Mugisha alisema tena habari ya mchezo, lakini safari hii hakuna aliyemsaidia. Mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi aliuliza hivi: ikiwa mtu huyu ni mnywani, anajua kwamba hapewi shamba? Abdillah akasema anajua. Anajua kwamba mabinti wakikosea yeye ndiye atakayeitwa? Anajua. Wakiugua, wakiachika, wakirudi usiku wanalia, mlango wa kwanza ni wake?

"Najua. Niliyaimba miezi mitano."

Hakuna aliyecheka.

Mkuu wa ukoo alitoa uamuzi jua likiwa limeanza kushuka. Avelina atakaa katika kibanja na kahawa yake hadi kufa kwake. Mabinti watakula hapo. Baada ya Avelina ukoo utakaa tena, na siku hiyo Abdillah, au mtoto wake ikiwa yeye hayupo, ataitwa. Mugisha alikubali kwa kichwa. Hakubaki kwenye chakula cha jioni. Hatukumlaumu sana, ni nduguye aliyezikwa pale, naye alikuwa na macho mekundu kama sisi.

Avelina alimletea Abdillah maji ya kunawa. Miaka kumi na miwili yeye alimwita shemeji kwa utani. Jioni ile alimshikia birika, akasema, "Nawa, shemeji," na Abdillah hakuweza kumwangalia usoni.

Alimweleza Ummy usiku uleule, kabla watu wa mtaani hawajamweleza. Aliniambia Ummy aliuliza, "Hao mabinti wana shangazi?" Akajibiwa hawana, Cleophace alikuwa na Mugisha tu. "Basi watapata," Ummy akasema, akaenda kulala. Msikitini ilikuwa vigumu zaidi. Ijumaa mbili alikaa safu ya nyuma. Ijumaa ya tatu shehe mwenyewe alimwita mbele.

Benitha alimkalisha chini wiki iliyofuata kikao kile cha ukoo. Tulikuwa tumebaki na siku ishirini kabla ya Mabira, na matangazo yenye jina la Kahawa Moja yalikuwa tayari yamebandikwa mpaka Kyerwa.

"Nitampa nafasi ya Cleophace kijana kutoka Nkwenda. Sauti anayo. Wewe uimbe wimbo wako uleule."

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini? Sasa ndiyo utauimba kweli."

"Ndiyo maana. Nitamezaje punje ya mtu mwingine?"

Mwalimu Benitha hapendi kushindwa na waimbaji. Alizunguka jukwaa mara mbili, akanikuta mimi nakaza ngozi ya ngoma, akanikemea bila kosa. Mwisho akachukua kalamu nene akakata jina la mchezo kwenye karatasi ya msimu. Tuna michezo miwili. Katika miwili hiyo Abdillah anaimba, na anaimba vizuri, ingawa akifika kwenye noti za chini ambako Cleophace alikuwa akimpokea, bado anasita kidogo akisubiri. Mimi huipigia ngoma nafasi ile ili isisikike tupu.

Lakini Mabira hatakuwepo. Barua imekuja Rugu: kuna familia kutoka Kaisho inataka kuja kujitambulisha kwa ajili ya Mackrine, na siku waliyochagua ni Jumamosi ileile ya kufungua msimu. Benitha alimwomba wageni wasogezwe wiki moja. Abdillah alikataa. Alisema wachumba hawaambiwi kwamba baba ana kazi.

Jana nilimkuta dukani akijipima kanzu mpya mbele ya kioo. Ummy alikuwa anamwekea pini kwenye pindo.

"Watakuletea pombe ya rubisi unywe kwanza," nilimwambia.

"Nitakishika kibuyu, nitampa Nyirabageni. Yeye atakunywa kwa niaba yangu."

"Na utawauliza nini hao wachumba?"

Aligeuka kunijibu, Ummy akamgonga mguu asimame wima. "Sijui. Cleophace angewauliza kama wanajua kulima." Akajiangalia tena kwenye kioo. "Nitawauliza kama wanajua kulima. Kisha nitanyamaza niwasikilize."