Jina la Mwananchi wa Kufundishwa

Walioniharibia ni afisa utumishi wa kiwanda chetu na shemeji yake, wote watu wa Machame. Majina siandiki. Wenyewe wanajijua, na Moshi ni ndogo. Na wa tatu yupo, nitamfikia.

Mimi ni wa Kibosho, elimu darasa la nne. Miaka ile ya foleni za sabuni nilikuwa mchochea boila kwenye kiwanda cha shirika la umma pale mjini. Miaka tisa nilisimama mbele ya moto ule. Mvuke ukilia najua kasoro iko wapi kabla mshale wa geji haujasogea. Lakini cheti sina, kwa hiyo kwenye karatasi zao nilikuwa mtu wa kutupa kuni tu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa wageni. Kila alipoletwa mtaalamu kutoka nje, mimi ndiye niliyempeleka Uhamiaji kutafuta kibali cha kazi, nikamfikisha kwenye nyumba ya kiwanda kule mtaa wa Soweto, nikamwonyesha mkewe bomba linatoka saa ngapi na maziwa yanapatikana kwa nani. Walinipa kazi hiyo kwa sababu karani wa Uhamiaji alikuwa binti wa ukoo wetu. Ananiita baba mdogo.

Sasa, fomu ya kibali ilikuwa na nafasi moja iliyoninyima raha. Serikali ilisema hivi: mgeni tunamkubali, ila andikeni jina la mwananchi atakayefundishwa kazi yake, ili mgeni akiondoka huyo aishike. Na anayeishika kazi anaishika na nyumba. Mimi nilikuwa na watoto watano kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Basi akaletwa mhandisi wa boila, mzungu mrefu, na mkewe. Kiwanda kizima kilijua nafasi ile ni ya nani.

"Mangi, safari hii ni wewe," wenzangu walinitania. "Ukihamia Soweto usifunge geti. Tutakuja kuoga."

Nilicheka nao. Mke wangu alishaanza kupima mapazia kwa macho.

Afisa utumishi akaniita, akanipa bahasha. "Peleka Uhamiaji, ndugu. Leo leo."

Gundi haikushika vizuri. Nikakaa kwenye ngazi za posta, nikasoma polepole kwa kidole, mpaka kwenye nafasi ile. Jina lilikuwa la shemeji yake. Kijana wa ghalani, kidato cha nne, kalamu tatu mfukoni, viatu vyeusi na vyeupe kama mbuzi wa sherehe. Hakuwahi kushika koleo maisha yake yote.

Watu husema wivu ni wa wanawake. Waongo. Nilikaa pale mpaka jua likanihamisha, kisha sikwenda Uhamiaji. Nilipanda Kibosho kwa mama yangu, nikaisokomeza bahasha chini ya gunia la ulezi wa pombe ya mbege. Kesho yake nikamwambia afisa, "Nimepeleka." Niliwaza fomu ikipotea wataandika nyingine, na mpaka siku hiyo boila lenyewe litakuwa limenisemea.

Wiki ya tatu ikaja barua: mhandisi hana kibali, jina lake halimo hata kwenye maombi, ajiandae kuondoka nchini. Nilitumwa kuipeleka Soweto. Mkewe alikuwa bado hajafungua makasha. Akanyanyua sahani moja iliyoviringishwa kwenye gazeti, akaniuliza kwa mikono: niitoe, au niirudishe? Yule mama hakunikosea kitu.

Jumapili nikapanda tena kwa mama. Nikaitoa bahasha, na kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nikakata tawi la mmea wa sale. Kwetu ukimkosea mtu ukamwendea na sale mkononi, hawezi kukufukuza, hata kama umemuulia ndugu.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni Uhamiaji.

"Baba mdogo, hii ilikuwa wapi?" karani akauliza. Akainusa. "Mbona inanuka mbege?"

"Piga mhuri, mwanangu. Ya mbege tutaongea tukikutana msibani."

Akacheka, akapiga. Nikaenda moja kwa moja Soweto, nikampa mhandisi sale kwa mikono miwili, kichwa nimeinamisha.

"Asante, rafiki!" alisema. "Ua zuri."

Mkewe akalitia kwenye glasi ya maji dirishani. Ningeeleza, lakini Kiswahili cha mhandisi kilikuwa cha salamu tu, na lugha yao mimi sina hata neno. Nikanywa chai, nikaondoka na kosa langu vilevile.

Miaka miwili shemeji alifundishwa. Alisimama mbali, joto lisimharibie shati, daftari mkononi. Mhandisi alikuwa ananiita mimi. "Sikia, rafiki. Nini?" Nasikiliza, namwambia valvu ya pili. Anamgeukia shemeji, anamweleza, shemeji anaandika. Masikio yangu yaliingia kwenye daftari la mtu mwingine, kila siku, na mimi nimesimama hapohapo na koleo. Nilimchukia mpaka namna alivyopuliza wino ukauke. Nyumbani mke wangu aliacha kuzungumza habari za mapazia.

Mkataba ulipokwisha, nilimsindikiza mhandisi Uhamiaji kufunga kibali chake. Kiswahili kilikuwa kimemkaa. Tukiwa kwenye benchi akaniuliza:

"Rafiki, kwa nini ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Kazi. Ile karatasi ilipopotea, mimi nilimwambia afisa: andika mtu wa boila, bila yeye mimi narudi kwetu. Alinuna, lakini aliandika mpya. Jumamosi. Nilisoma jina lako. Jumatatu akaniambia: mtu wa boila amepeleka ile ya zamani mwenyewe, hataki kazi."

Karani akaita jina lake. Akanyanyuka, akanishika bega, akaenda dirishani.

Wa tatu ndiye huyu anayeandika. Mwenye miguu yake aliyeamka alfajiri kuwahi mlango usije ukamfungukia yeye.

Shemeji sasa ni mkuu wa boila, na anakaa Soweto. Lile sale lilitoa mizizi kwenye glasi, mke wa mhandisi akalipanda getini kabla hawajaondoka. Limekuwa ua mzima mbele ya nyumba. Mimi boila likigoma hutumwa kumfuata mkuu wangu, maana bila yeye kuwepo siruhusiwi kuligusa, na yeye bila mimi haliwezi.

Juzi nilimkuta analipunguza lile sale kwa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hivi ni mzungu gani anapanda sale getini? Walimkosea nani hawa?" Akacheka, akaninyooshea tawi. "Chukua, mzee. Watu wa Kibosho hamkosi mtu wa kumwomba radhi."

Nikaangalia mapazia dirishani. Ya kijani. Mke wangu alitaka ya kijani.

"Vaa viatu twende," nikamwambia. "Boila limekataa kuwaka."