Kibao cha Kihonda kina jina la baba yangu, na kosa ni langu

Wakuu, heshima zenu, na shikamoo kwa wakubwa. Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu. Atakayenitukana anitukane tu, nastahili.

Mnaopita Kihonda mtakuta kibao: Barabara ya Mzee Seif. Huyo ni baba yangu.

Enzi za ruksa, kiwanda cha baba kilipopunguza watu, alichukua kiinua mgongo chake akanunua kiwanja huko. Wakati ule hakuna cha ramani wala nini. Kila mtu alijenga mpaka mwisho wa kiwanja chake, ikabaki njia ya mtu na baiskeli.

Mama akashikwa na uchungu, damu ikawa haikati. Teksi ikaishia barabara kubwa. Tukambeba na kitanda, tunakwama kila kona ya ukuta. Akakata roho tukiwa bado kwenye michongoma ya jirani. Mtoto naye hakupona.

Tukamzika kwao Matombo. Tuliporudi, baba alichukua nyundo akabomoa jiko letu lililobana njia, kisha chumba alicholala na mama. Jirani wa kwanza akaona aibu, akasogeza ua wake. Wa pili naye. Mwaka haukuisha, gari likapita.

(Samahani wakuu, hapa huwa nakwama.)

Miaka baadaye mtaa ukaitisha mkutano wa kuchagua jina. Baba alikuwa Dumila anamuuguza dada yake. Mimi na kimbelembele changu nikasimama, nikasema iitwe Mzee Seif. Makofi! Nilitaka iwe surprise.

Aliporudi, kibao kilishasimikwa. Alikisoma mara mbili.

"Shomari, mama yako umemsahau? Hii njia ni ya Mwanahawa. Mimi nilishika nyundo tu."

Yalaa! Nikaenda ofisi ya mtaa kuomba kibadilishwe. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Baba hakupita pale tena. Alizunguka nyuma mashambani na fimbo yake, hata kwenye tope.

Alipofariki hospitalini, gari lilimleta hadi mlangoni. Halikukwama popote.

Nimejifunza kwamba ukitaka kumheshimu mtu, kwanza muulize. Majuto ni mjukuu, na wangu namlea mpaka leo.

Mwenye kujua utaratibu wa kubadili jina la barabara aniandikie hapa chini, tafadhali. Jina ni Mwanahawa.