Tambara la Dirishani

Juzi nilizunguka Karatu nzima nikitafuta mipira ya madirisha ya Landrova aliyoniachia baba. Fundi mmoja akanikatia vipande vya tyubu, na harufu ile ya mpira ikanirudisha utotoni, kwenye njia ya Endulen.

Tulikuwa tukimpeleka bibi hospitali, kifua kimembana. Mipira ilikuwa imeoza, kwa hiyo baba aliziba mianya ya vioo kwa matambara ya shuka yaliyopakwa mafuta ya kondoo. Joto lilinikaba. Nilidhani ametufungia ili bibi asikimbie sindano. Nikachomoa tambara moja.

Likaingia vumbi, kumbe ndilo baba alikuwa akilifungia nje. Bibi alikohoa mpaka gari likasimama.

"Nani kachomoa?" baba alifoka.

"Ni mimi, mwanangu," bibi alisema, akinibana mkono. "Nilitaka hewa."

Baba alikufa akiamini hivyo.