Fagio Agoma Kunyamazisha Kosa

Ofisini walimwita Fagio kwa sababu hakuacha kazi bila kusafisha. Aliandika programu za hospitali, na msimamo wake ulikuwa mmoja: ukishika kitu, lazima ukiachilie, hata mambo yakiharibika.

Asubuhi moja muuguzi wa wodi ya wanawake alipanda ngazi akihema.

"Dada, kompyuta inasema wodi imejaa. Mimi nina vitanda vitupu na wagonjwa wako kwenye mabenchi! Njoo ujionee."

Fagio alishuka, akajionea. Aliporudi akaifungua programu. Mgonjwa akipokelewa, maombi matatu yalitumwa kwa mpigo, la kitanda, la vipimo na la dawa, bila moja kungoja jingine. Maabara isipojibu, kazi yote ilikatikia njiani, na kitanda kilichokwisha kushikwa kikabaki kimeshikwa. Tena mtu alikuwa ameandika pale kwamba kosa likitokea, programu inyamaze.

Mtu huyo alikuwa mkuu wa kitengo.

"Acha hivyo hivyo," alisema. "Wageni wa wizara wanakuja kesho kutwa. Sitaki maandishi mekundu ya makosa kwenye skrini."

"Funika kombe mwanaharamu apite, bosi? Hapa anayeumia ni mgonjwa."

"Hiyo ni amri."

"Basi nifukuze. Kunyamazisha, sinyamazishi."

Akaiandika programu upya: maombi yafanikiwe, yakwame au yakatizwe, kitanda kisicho na mtu kiachiliwe, na kosa liseme limetokea wapi.

Wageni walipofika, bibi mmoja alikuwa anaandikishwa. Maabara ikapotea mtandaoni. Skrini ikawaka nyekundu: *Maabara haijibu. Kitanda kimeachiliwa.* Mkuu akatokwa na jasho. Muuguzi hakumngoja mtu. Akapiga simu maabara, wakarudi mtandaoni, akamwandikisha bibi upya na kumpeleka kitandani.

Mkuu hakusamehe. Fagio akahamishiwa chumba cha chini kutengeneza printa. Mkuu akajaribu kuondoa maandishi yale, wauguzi wakamjia juu wote kwa pamoja, akayarudisha mwenyewe.

"Mdomo huo utakuponza, mwanangu," shangazi yake alimwambia nyumbani.

"Umeshaniponza, shangazi. Na wakiniuliza tena, nitajibu vilevile."

Shangazi akaguna, kisha akacheka bila kupenda.