Mawe Ambayo Binti Yangu Hakuyabeba

Mimi ni mshonaji, na nilichokiona kwanza ni sketi ya shule. Pindo lilining'inia upande wa kushoto, vidole viwili chini ya upande mwingine. Nililifumua, nikalishona upya, wiki iliyofuata likaning'inia tena. Nilimgombeza binti yangu wa miaka tisa kwamba anasimama ovyo makusudi ili aniharibie kazi. Kumbe mgongo wake ndio uliokuwa unapinda, na mimi mwenye kanda ya kupimia shingoni sikuuona.

Kisha akaanza kukataa kulala chali. Alisema akijilaza mgongo unawaka, kwa hiyo alisinzia ameketi, paji la uso juu ya cherehani yangu. Nikampeleka kituo cha afya.

Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo Kolwezi, mji wetu wa migodi, ni la kutilia shaka. Alitazama kadi kwanza, mtoto baadaye. Kadi iliandikwa mtaa wetu, Kasulo, ambako watu walichimba mawe ya kobalti mpaka chini ya vitanda vyao.

“Mama, uyu mutoto anabebaka mawe?”

“Hapana, munganga. Anasomaka.”

“Bamama ba Kasulo bote banasemaka vile.”

Akampiga radio, ndivyo tunavyoiita picha ya mifupa. Akaiinua dirishani, akasema mgongo umepinda kwa sababu ya mizigo, mtoto apumzike na anywe vidonge. Nilimwambia sakafu ya nyumba yangu ni nzima, hatujachimba hata shimo moja, na mtoto huyu hajawahi kushika koleo. Alitikisa kichwa kwa upole, ule upole wa mtu anayekuona mwongo. Ningempiga kwa kiti kama mtoto asingekuwa amekikalia.

Tulirudi mara tatu, na mara zote tatu aliuliza habari za mawe. Wakati huo kandambili ya kushoto ilikuwa inaisha mbele, penye kidole gumba, kwa sababu mguu ulikuwa unaburuta. Niliichukua kandambili ile nikaiweka mezani kwake ili aione. Akaniambia niiondoe, nachafua meza.

Asubuhi moja mtoto alianguka uani akiwa hana kitu mkononi, akaniambia miguu haimsikii. Nikambeba hadi kituoni, na hapo hata yule daktari kijana alitoka jasho. Akaandika kwamba mtoto anahitaji IRM, mashine kubwa ya kutazama ndani ya mwili, na mashine yenyewe iko Lubumbashi. Mimi nilikuwa na cherehani moja, na mume aliyekwenda Kasaji kulima akaoa huko huko.

Palikuwa na mradi uliosaidia watoto waliofanya kazi migodini. Ulilipa safari, vipimo, hata upasuaji. Nilikwenda kwa karani wake, akatoa fomu, akaniuliza swali lile lile.

“Mutoto anabebaka mawe? Kama hapana, hatuwezi kumusaidia, mama. Huu mradi ni wa batoto ba mawe.”

“Ndiyo,” nikasema. “Anabebaka. Ni mi njo nilimutumaka.”

Nikatia sahihi kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Sijui nilimchukia nani zaidi, karani, yule daktari au mimi mwenyewe.

Ndani ya basi binti yangu aliisoma fomu, maana kusoma anajua vizuri.

“Mama, mi nilibebaka mawe siku gani?”

Nilimwambia anyamaze, na akiulizwa aseme ndiyo. Akaikunja fomu, akanirudishia.

Lubumbashi walimlaza chali ndani ya mashine, mtoto ambaye kwake kulala chali kulikuwa adhabu. Hakulia. Daktari wa pale, mama mtu mzima, alinionyesha picha kwenye kioo. Ndani ya mfereji wa mgongo kulikuwa na uvimbe, mrefu kama kidole, umeibana kamba ya mishipa ya fahamu mpaka imekuwa nyembamba kama uzi. Alisema ulikuwa umekaa humo siku nyingi ukikua polepole. Kisha akasoma fomu, akakunja uso.

“Mawe haiwezi kufanya hii kitu. Nani alisema ni mawe?”

Nilifungua mdomo. Binti yangu akaniwahi kutoka kitandani.

“Ni mi, munganga. Nilidanganya.”

Mimi ambaye Kasulo nzima inaujua mdomo wangu, nilinyamaza. Upasuaji ulikuwa haujakubaliwa bado, na niliogopa mradi ungetutupa. Daktari akamwambia mtoto kwa ukali kwamba uongo wake ulikuwa karibu umnyang'anye miguu. Akaitika, akaomba radhi, nami nimesimama pale pale nikisikia.

Mradi ulilipa, wakampasua wiki ile ile. Sasa anatembea, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, na pindo la sketi nalikata kwa kufuata mwili wake. Yule kijana wa kituo cha afya nikikutana naye sokoni simsalimii, na sitamsalimia. Binti yangu humsalimia. Hajawahi kunikumbusha maneno ya siku ile Lubumbashi, wala mimi sijamwomba msamaha. Kugombeza nilijifunza mapema sana, hili jingine kila siku naliahirisha hadi kesho.