Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Msimu wa kahawa kwetu ulinuka maganda yaliyochacha. Harufu hiyo ilipanda kutoka kwenye mashimo ya nyuma ya kiwanda, ikachanganyika na moshi wa dizeli wa jenereta, ikaingia hadi kwenye uji wetu wa asubuhi. Tuliishi katika nyumba ya msimamizi, kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Karatu unaotazama msitu wa Ngorongoro, na msimamizi huyo alikuwa baba yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mibuni, mchana vumbi jekundu likapokea zamu. Jenereta lilinguruma kutwa kwa ajili ya mashine za kumenya kahawa, na kwa kuwa waya ulipita karibu na nyumba yetu, nasi tulipata umeme. Baba aliusimulia umeme huo kana kwamba ameuzaa yeye.

Mwaka huo mwenye shamba, mzungu aliyeishi Arusha na kuja kwa nadra, alimletea Baba kompyuta. Ilikuwa kuukuu, nzito, imegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Alitaka Baba ajifunze nyumbani kuandika ripoti za mavuno, kisha mwisho wa msimu angekuja kuona amefikia wapi. Baba hakujishughulisha sana na ripoti. Alijifunza kuandika majina ya watu. Wageni walitoka Rhotia, wengine Kansay kwa miguu, wakajipanga kwenye makochi na kusubiri zamu. Baba alibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, akitoa pumzi nzito kama anayenyanyua gunia, na jina la mgeni likatokea kwa kijani kwenye kioo. Watu wazima walipiga makofi. Mimi nilimwona baba yangu kuwa ndiye mwenye akili kupita wote katika tarafa nzima, na leo nikikumbuka naona haya.

Katika nyumba zetu za wakati ule, kitu cha thamani hakikuachwa uchi. Redio ilivishwa kitambaa, kochi likavishwa, hata birika la chai lilikuwa na vazi lake. Kwa hiyo akina mama wa kanisani waliifumia kompyuta ya Baba kitambaa kizito cha sufu, chekundu na cheupe, kilichoning'inia nyuma hadi mezani. Baba alikipenda kitambaa kile kuliko kompyuta yenyewe. Aliiwasha ikiwa imekivaa, akafunua mbele tu, kwenye kioo, kama anayemfunulia mgeni uso wa bibi harusi.

Haikupita wiki mbili ikazimika. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, sebule imejaa, na mzee mmoja wa kanisa amekwisha kuona nusu ya jina lake. Kioo kikawa cheusi, ule mvumo wake ukakatika. Taa iliendelea kuwaka na jenereta liliendelea kunguruma, lakini mashine ilikuwa kimya. Baba alibonyeza kila kilichobonyezeka. Kisha akageuka na kuuliza, "Nani kaigusa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, na kwa kadiri ninavyomjua, lilikuwa la mwisho pia. Macho yote yalimwangukia Dada Salome. Alikuwa Mnyaturu wa Singida, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyefika shambani kama manamba wengine kuchuma kahawa. Mumewe alipofariki, chumba chao cha kambini kilipewa familia nyingine. Mama, ambaye msimu ule alikuwa Mbulu akimuuguza bibi yetu, ndiye aliyemleta kwetu kabla ya kuondoka. Alipika, alifua, alipiga deki, na kwa kuwa alipiga deki hadi chini ya meza ile, hukumu ilikuwa rahisi. Baba alisema maji ya deki yamepanda ndani ya mashine. Namna maji yanavyopanda meza hakuieleza, na hakuna aliyeuliza.

Wataalamu wakaitwa. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Bura, aliyefundisha fizikia na hakuruhusu mtu yeyote asahau hilo. Aliondoa kitambaa, akaizunguka meza mikono nyuma, akatangaza kwamba umeme wa jenereta "umechoka" na mashine inahitaji kupumzishwa. Alikunywa chai vikombe vitatu na kumaliza maandazi. Alipoiwasha ikawaka, nasi tukampigia makofi. Baba akaivisha tena kitambaa chake, na kesho yake saa sita ikazimika. Wa pili alikuwa Fundi Damiano wa matrekta. Alikuja na spana zinazotosha kufungua jembe la diski, akafungua skrubu za nyuma, akatazama ndani kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kisima, akazifunga tena kwa nguvu zaidi. Ikawaka. Akasema skrubu zililegea kwa ajili ya vumbi la Karatu. Siku mbili baadaye ikazimika. Walirudi kwa zamu mwezi mzima, kila mmoja akimcheka mwenzake, na kila mmoja aliiponya kwa njia ileile: kuivua kitambaa, kukaa, kula chakula chetu, kuiwasha. Wanaume watatu wazima, Baba akiwemo, mmoja ana cheti cha ualimu, na hakuna aliyejiuliza mashine inapokufa ina nini ambacho haina inapofufuka.

Salome alijiuliza. Alikuwa akifua kitambaa kile kila Jumatano, na akaona kwamba Jumatano mashine huwaka kutwa bila kisirani. Siku moja nilimkuta ameingiza kiganja nyuma ya mashine, chini ya sufu, akakitoa haraka. Aliniambia nami nijaribu. Palikuwa pa moto kama ubavu wa sufuria. Alingoja Baba amalize kula, akasimama mlangoni na kusema kwa adabu, "Baba Paskalina, ile mashine inapumulia mgongoni. Ukiifunika inakosa hewa, ndiyo maana inazima."

Baba alimtazama kuanzia miguuni. "Tangu lini mchuma kahawa akanifundisha mimi umeme?" akasema. "Sasa sikiliza. Jumamosi mwenye shamba anakuja. Ikizimika mbele yake, Jumapili unafunga mizigo yako."

Salome hakuwa na pa kuipeleka mizigo hiyo. Kambini hakuwa na chumba tena, na kwao Singida, kama alivyokuwa ameniambia, hakubaki mtu wa kumpokea. Jumamosi asubuhi, Baba alipokwenda kunyoa ndevu, Salome alikivuta kitambaa kutoka kwenye kompyuta, akakizamisha kwenye beseni la sabuni hadi kikalowa chote. Baba alipokikuta pale alinyanyua mkono ampige, na gari la mwenye shamba likasikika getini. Hapakuwa na muda wa kupiga wala wa kukausha.

Mwenye shamba alikaa tangu saa nne hadi saa tisa. Mashine haikutikisika. Alipitisha mkono nyuma yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umefanya vizuri kuiacha wazi," alimwambia Baba kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Wengi wanazifunika, zinakufa kwa joto." Salome alikuwa anaweka chai mezani. Baba hakumtazama. Alijibu, "Niligundua mwenyewe, bwana. Nilichunguza sana." Nami nilikuwa nimeketi pale, kiganja changu kikikumbuka ule moto, na sikusema kitu.

Nilidhani sasa Salome ameokoka. Wiki mbili baadaye Baba alimwondoa. Alisema anatia chumvi nyingi kwenye maharage. Chumvi ilikuwa ileile ya siku zote; Baba hakuweza kula chakula kilichopikwa na mtu aliyemshinda akili ndani ya nyumba yake. Salome alikunja khanga zake mbili, akaniaga, akashuka na barabara ya shamba mchana kweupe. Mwalimu Bura na Fundi Damiano waliendelea kuitwa mafundi hadi uzee wao.

Sasa nafundisha kompyuta chuoni Arusha. Karatu ina umeme wa kila saa, na mashine za siku hizi mtoto anaweka mapajani. Lakini kila mwaka, mashine ya darasani inapozimika, kijana wa kwanza kunyanyua kichwa huuliza nani kaigusa, nami huwa namdharau papo hapo, kabla sijamfundisha. Nilidhani nina haki hiyo. Krismasi iliyopita Baba, mzee sasa, aliwasimulia wajukuu jinsi alivyogundua ugonjwa wa kompyuta ya kwanza shambani. Kwa mara ya kwanza maishani nikamkatiza mbele ya watu, nikasema aliyegundua ni Salome. Alinigeukia bila hila yoyote usoni. "Salome yupi?" akauliza.

Nilifungua kinywa nimjibu. Nikatambua kwamba jina lake la pili silijui, kijiji chake sikijui, na kwa miaka yote hii sijawahi kumuuliza mtu alikwenda wapi.