Alibandika namba ya msaada wa mafuriko, wateja 31 wakatapeliwa

Saa mbili kasoro asubuhi foleni imeshafika kwenye mtaro, lakini wakala wa kutuma na kutoa pesa hamruhusu mtu kubonyeza kitu.

"Soma jina kwanza," anamwambia mama mwenye mtoto mgongoni. "Kwa sauti, nikusikie."

"Dada, siku hizi umekuwa mwalimu wa chekechea."

"Bora nikuudhi, shoga yangu. Soma."

Foleni inacheka, yeye hacheki. Kibanda chake cha mbao kinatosha kiti kimoja na magoti yaliyokunjwa. Kwa miaka sita wateja wamemwita Mama Fasta, maana ukishataja namba tu, yeye kashamaliza. Zamani jina hilo lilimpa raha.

Yote yalianza mto ulipovunja kingo na kuzamisha mtaa wa bondeni. Waliookolewa walipelekwa kulala kwenye madarasa ya shule. Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye kundi la simu la ukoo wake: picha ya watoto juu ya paa, maneno ya kuliza, na namba ya "Kamati ya Maafa". Aliyeutuma ni shangazi yake, shangazi kaupata kwa jirani, na jirani kaupata kwa nani, hakuna aliyeuliza.

Mama Fasta akachana ubavu wa boksi, akaandika ile namba kwa kalamu nene, akaining'iniza dirishani. Akafungua dimba mwenyewe kwa elfu kumi, kamisheni yake ya siku mbili. Kabla pesa haijaondoka, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji. Halikuwa la kamati. Lilikuwa la mtu, mwanaume.

"Niliona," anasema, akishusha sauti ili foleni isisikie. "Nisikudanganye. Nikajiambia, huyu atakuwa mweka hazina wao. Mimi huyu huyu, ninayewafokea watu siku hizi wasome jina."

Mchana wake akaja fundi viatu, ambaye meza yake iko hatua kumi tu kutoka hapo, mteja wa kwanza kabisa wa Mama Fasta siku alipofungua kibanda. Alikuwa na elfu ishirini ya kununulia soli. Akasogeza simu usoni, akakunja uso.

"Dada, mbona limekuja jina la mtu?"

"Kaka, wewe tuma. Watoto wanalala sakafuni, unauliza majina?"

Akatuma. Na kwa kuwa kila mtu anajua fundi viatu hatoi pesa kizembe, waliomwona nao wakatuma. Mpaka siku ya tatu walikuwa wamefika thelathini na mmoja.

Siku hiyo akafika muuguzi kutoka bondeni, kutoa nauli. Akalitazama lile boksi.

"Kamati ipi hii? Mimi nashinda pale shuleni na wale watu, hatujaona hata kipande cha sabuni. Halafu namba ya kamati ukiiweka, linatokea jina la kamati."

Mama Fasta akapiga ile namba, haipatikani. Akapiga kampuni ya simu, akaambiwa pesa zilikuwa zikiingia tu zinatolewa. Polisi waliandika maelezo yake, wakamwambia asubiri. Huu mwezi wa pili anasubiri.

Aliwafuata wateja mmoja mmoja. Wengine walimtukana, wengine walimpa pole. Fundi viatu aliendelea kupaka gundi kiatu cha mtoto huku akimsikiliza. Aliponyooshewa elfu ishirini, alizokopa Mama Fasta kwa dada yake, hakuzishika.

"Sikudai, dada," alimwambia. "Ila nilikuuliza."

Tangu siku hiyo anatolea pesa kwa wakala wa ng'ambo ya barabara. Anapita dirishani asubuhi na jioni, anasalimia vizuri kabisa, na hiyo salamu ndiyo inayomuumiza Mama Fasta kuliko matusi yote.

Siku hizi akipata ujumbe wa msaada hausambazi mpaka aende ofisini kwa wahusika akaulize. Jumamosi hii atafunga kibanda apeleke kwa mkono wake blanketi nane kwa waliobaki kule shuleni. Wateja watahamia kwa jirani, na anasema wahamie tu.

Kuhusu fundi viatu, bado hajakata tamaa.

"Sitaki hata kumlazimisha achukue pesa," anasema. "Nataka siku moja aje kumtumia mama yake chochote, halafu aniulize swali, hata la kijinga. Nimwache amalize kuuliza."